Shangazi wa Toi: Accra Inaniita, Niende?

"Nina umri wa miaka 29, nauza suruali za jinsi hapa soko la Toi, Nairobi. Rafiki niliyempata TikTok anasema Accra wanapenda mitumba kuliko sisi, na Mkenya haombi viza. Nataka kuuza kibanda nihamie huko, nami niitwe ekspati. Mchumba wangu amenuna. Niende?" — Wa Jinsi, Toi

Rafiki yako hakudanganya, ila maelezo yake yaliishia uwanja wa ndege. Ni kweli Ghana haimdai Mkenya viza ya matembezi, na ni kweli Kantamanto, soko la mitumba la Accra, ni kubwa ajabu. Lakini kuingia nchini ni jambo moja, na kuuza humo ni jingine. Sheria ya uwekezaji ya Ghana ya mwaka 2013, Namba 865, iliwatengea wenyeji uuzaji wa bidhaa sokoni, uchuuzi na biashara ya kibandani mahali popote. Iliwatengea pia saluni na vinyozi, maji ya kuuzwa kwenye vifuko, hata uchapishaji wa kadi za kukwangua za simu. Mgeni aliyetaka kufanya biashara ya kununua na kuuza alitakiwa awe na mtaji wa dola milioni 1 na aajiri Waghana wenye ujuzi wasiopungua 20. Wabunge hubadilisha viwango, kwa hiyo muulize wakili wa Accra kabla hujakata tiketi. Ila kama dola milioni 1 unazo, sielewi kwa nini unaniandikia mimi.

Utanijibu kwamba siku hizi kuna Eneo Huru la Biashara la Afrika, tena sekretarieti yake iko Accra penyewe. Naam, na biashara chini ya mkataba huo ilianza rasmi Januari 2021. Lakini nafuu yake ya ushuru ni ya bidhaa zenye asili ya Afrika. Jinsi iliyoshonwa Bangladesh, ikavaliwa Kanada, ikashuka Mombasa ndani ya robota, haigeuki ya Kiafrika kwa kupigwa pasi Kibera. Uhuru wa watu kwenda na kukaa ni itifaki nyingine, ya 2018, ambayo nchi nyingi bado hazijairidhia. Wenye itifaki yao ya kutembeleana tangu 1979 ni raia wa ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, na hata hao hawalali usingizi: kabla ya itifaki hiyo, Ghana iliwafukuza wageni kwa amri ya serikali ya Waziri Mkuu Busia mwaka 1969; itifaki ikiwapo, Nigeria ikawafukuza Waghana kwa maelfu mengi mwaka 1983, na mwaka 2019 wafanyabiashara wa Ghana wakayapiga kufuli maduka ya Wanigeria. Kama jirani wa karibu anafungiwa duka, wewe wa Ngong Road utajitetea kwa lipi?

Tafadhali usiseme ni uchoyo wa Waghana. Kenya ilipitisha sheria yake ya leseni za biashara mwaka 1967, Wahindi wasio raia wakaanza kufunga virago. Mwaka 2019 serikali yetu iliwarudisha kwao Wachina waliokutwa wakichuuza katika soko la Gikomba, na 2023 wafanyabiashara wa Nairobi waliandamana kwa sababu ya duka la Mchina lililouza kwa bei ya chini. Na kama unafikiri tofauti ni rangi tu, na kwamba Mwafrika kwa Mwafrika hapana shida, vuka uende kwa Wanubi wa Makina, hapo nyuma ya soko. Wanubi waliletwa na Mwingereza kutoka Sudan kama askari, wakakaa Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hati ya ardhi ya jamii yao, ekari 288, walikabidhiwa 2017. Vijana wao wameijua foleni ya kuhojiwa uraia kwa ajili ya kitambulisho. Hiyo ndiyo hesabu ya ugeni kwa mtu wa kawaida: inapigwa kwa vizazi.

Hata sheria ingekuruhusu, mali yako kubwa haipandi ndege. Unadhani mtaji wako ni zile jinsi, kumbe ni yule wa Gikomba anayekupa robota kwa ahadi, wateja wanaokupigia simu uwawekee kamera, yaani zile nzuri kuliko zote, kabla hazijatundikwa, na jirani anayekulindia kibanda ukienda msalani. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliiteketeza Toi, na katika soko ambalo vibanda havina hatimiliki, jirani anayekujua ndiye hati yako siku ya kugawana upya nafasi. Kantamanto nayo iliungua Januari 2025. Mgeni wa miezi mitatu angetetewa na nani pale kwenye majivu?

Wapo Wakenya wanaoishi vizuri Accra, Abidjan na Dakar, sikatai. Chunguza walivyofika: huyu benki imemhamisha, yule shirika la ndege limempangia kituo, mwingine Benki ya Maendeleo ya Afrika pale Abidjan imemwajiri. Kibali kimeombwa na mwajiri, na kwa wengi nyumba ni juu yake vilevile. Huyo hakuhama, alitumwa. Wewe unataka jina lake la ekspati bila barua yake ya kazi. Kama una ujuzi wa kuajiriwa, tafuta barua kwanza. Kama ujuzi wako ni kujua robota zuri kwa kulishika tu, umeshafika unakotakiwa.

"Shangazi, mchumba wangu wa Toi anataka kuhamia Ghana. Mimi ni msusi Kawangware, ameniahidi saluni Accra. Nimwache?" — Aliyenuna

Kumbe ni wewe. Saluni yako mwenyewe imo kwenye orodha ileile niliyomsomea. Kuajiriwa na mwenye saluni Mghana, akuombee kibali, ni mazungumzo mengine. Kumwacha sioni sababu, ila kibanda kisiuzwe. Aende akatembee wiki mbili kwa nauli ya akiba yake, si pesa za robota, nawe umshikie kibanda wikendi, wateja wanapojaa. Ukiona unauza jinsi kumshinda, niandikie tena.