Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Dirisha la Jirani

Mtwara Mikindani, msimu wa korosho

YAH: MAMA MBANGUAJI ANAYETAKA KUONGEZA SUFURIA

Barua hii inaletwa kwa Mheshimiwa kwa sababu kila ofisi ambayo ingeweza kuipokea huwa inasema: hilo ni la dirisha la jirani.

Habari ni ya mama mmoja wa Chikongola. Asitafutwe, maana ametungwa kutokana na wengi wanaobangua korosho uani kwao. Hukaanga, hugonga ganda, humenya, hufunga vipakiti na kuvitembeza stendi. Mafuta ya ganda yamemla vidole. Mwaka huu amepatwa na wazo la hatari: kukodi chumba, kuajiri mabinti watatu na kuuza korosho zake madukani.

Alikuwa salama kabla ya wazo hilo. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Ukigawa kwa siku 365, unapata kama 11,000 kwa siku. Chini ya hapo mtu ni mnyonge, anaachwa ahangaike kwa amani. Akizidisha vipakiti kidogo tu anageuka mfanyabiashara, na kazi ya Mheshimiwa inaanza.

Inaanza na TIN, ambayo ni bure. Ila TIN inataka namba ya NIDA, na NIDA inataka alama za vidole. Vidole vya mbanguaji! Mashine ya alama haikuwahi kukutana na mafuta ya korosho. Tuseme imemkubali. Bado kuna mkataba wa pango, makadirio ya kodi na hati ya kutodaiwa, ndipo leseni ya biashara ya halmashauri, ambayo siku hizi huombwa kwa mfumo wa TAMISEMI uitwao TAUSI. Mama humwona tausi huyo kwenye duka la steshenari, kwa kijana anayeijua nywila yake kuliko yeye mwenyewe. Bwana afya naye anasubiri kuona vyeti vya afya vya mabinti, TBS wanasubiri chumba na bidhaa, OSHA usalama kazini, Zimamoto mtungi wa kuzimia moto.

Haki isemwe: hakuna anayetaka korosho zilizofungwa kando ya choo, wala mabinti watatu wanaokaanga kwenye chumba chenye mlango mmoja na hakuna pa kutokea. Kila dirisha lina hoja yake. Serikali nayo imepunguza: bajeti ya 2019/20 ilifuta tozo 54, kazi ya chakula ikatoka TFDA kwenda TBS, na mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO husamehewa gharama za kuanzia za nembo ya ubora. Tatizo ni kwamba kila dirisha huiona karatasi yake tu. Foleni nzima anaijua mama peke yake.

Mheshimiwa ana ndugu zake Peru. Mchumi Hernando de Soto aliwatuma watu wake wakasajili karakana ndogo ya ushonaji jijini Lima, wakihangaika saa sita kwa siku. Walimaliza baada ya siku 289. Tanzania ikampenda mtu huyo, na mwaka 2004 ikaanzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, kwa msaada wa taasisi yake. Ikagundulika kuwa asilimia 98 ya biashara nchini zilikuwa nje ya mfumo rasmi. Mwaka 2007 Bunge likatunga Sheria ya Usajili wa Shughuli za Biashara ichukue nafasi ya Sheria ya Leseni ya 1972. Ya 1972 ndiyo inayotoa leseni hadi leo. Kumbe hata sheria mpya iliambiwa iende dirisha la jirani.

Wakati huo, pale bandarini, korosho ghafi zinapanda meli kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Kila awamu huhubiri korosho zibanguliwe nyumbani. Anayebangua nyumbani kweli ndiye anayeulizwa mtungi.

Na magunia atayapata wapi? Korosho hupita stakabadhi ghalani hadi mnadani, kwa wenye mitaji ya meli. Mwaka 2018, serikali ilipozinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakazibeba, mwenye korosho nyingi aliulizwa shamba lake liko wapi, na asiye na jibu aliitwa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho. Mama akijaza chumba chake magunia, atajibu nini? Kwamba shamba lake ni sufuria?

Mwandishi alitaka kuambatanisha kipakiti kimoja cha korosho ili Mheshimiwa aonje. Amesita. Bila nembo ni suala la TBS, na ndani ya bahasha ya ofisi ni suala la TAKUKURU.

Nakala: Dirisha linalofuata.