Barua ya Wazi kwa Bodi ya Madaraja ya Filamu, Kuhusu Mtazamaji wa Wiki Tisa

Kwa Mwenyekiti wa Bodi inayopanga madaraja ya filamu.

YAH: OMBI LA DARAJA KWA MTAZAMAJI WA MIGUU MINNE

Daraja la filamu hupangwa kwa umri wa binadamu. Ndivyo ilivyo tangu bodi ya London ilipoundwa mwaka 1912. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliongeza herufi H kwa ajili ya filamu za kutisha, mwaka 1951 wakaiondoa na kuweka X, na Marekani nayo ikaanza mfumo wake wa herufi mwaka 1968. Herufi zimekuja na kuondoka, lakini mtazamaji anayekusudiwa ni yuleyule: ana miguu miwili, anajua kusoma tangazo, na akiogopa hujifunika khanga usoni na kuchungulia kwa jicho moja. Mtazamaji wa miguu minne hajawahi kutajwa popote, ingawa yuko sebuleni na hana pa kwenda.

Kaya inayoleta ombi hili iko Tabata, Dar es Salaam. Ina watu watano, televisheni moja, sabufa kubwa kuliko mahitaji, na mtoto wa mbwa aliyeletwa ndani ya boksi la sabuni akiwa na wiki nane. Aliitwa Komando, kwa heshima ya filamu ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985 ambayo kizazi cha vibanda umiza vya video hakijaisahau. Jina lilitolewa kabla mwenyewe hajaonekana akilikimbia dekio.

Ijumaa usiku katika nyumba hiyo ni ya filamu za kutisha. Ni uamuzi wa mama mwenye nyumba, anayeshikilia kwamba mtu aliyegombania daladala ya saa kumi na mbili jioni Kariakoo hawezi kutishwa na Mmarekani mwenye panga. Hakuna aliyempinga. Komando alipofika, kaya ilijiuliza kwa mara ya kwanza kama sheria inaruhusu, na haikupata pa kusoma.

Njia ya haraka ilikuwa hesabu ya mtaani, kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni miaka saba ya binadamu. Wataalamu wa wanyama hawaikubali, kwa kuwa mbwa hukua mbio mwaka wa kwanza kisha hupunguza mwendo, lakini kuna ofisi zinazoendeshwa kwa hesabu mbovu kuliko hiyo. Kwa kuifuata, mbwa wa wiki tisa ana wiki 63, yaani mwaka mmoja na miezi miwili na ushee, na atatimiza miaka 18 akiwa na miaka miwili na miezi saba. Kaya haiwezi kungoja kiasi hicho. Kwa kasi anayokwenda nayo, kochi la kukalia wakati wa kutazama litakuwa limekwisha kabla ya Pasaka.

Umri, hata hivyo, si kipimo sahihi, na hapa ndipo Bodi inapoombwa isogeze kiti karibu. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa amefumba macho na kuziba masikio. Macho hufunguka kuelekea mwisho wa wiki ya pili, masikio wiki ya tatu hivi. Kwa maana hiyo mtazamaji salama kabisa wa filamu ya kutisha ni mbwa wa siku kumi: haoni, hasikii, na haja yake yote ni ziwa la mama yake. Baada ya hapo mambo huharibika. Mbwa mzima husikia hadi herzi 45,000 hivi, wakati binadamu mwenye masikio mazima huishia 20,000. Sabufa ikiguguma, binadamu husikia mlango wa jini unafunguka. Mbwa husikia mlango, bawaba, panya aliye nyuma ya mlango, na fundi aliyeuunganisha waya vibaya.

Nao utisho huingia kwa sikio. Bodi huhesabu matone ya damu na urefu wa visu, lakini anayebisha na azime sauti wakati wa tukio la bafuni katika Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Kitakachobaki ni mwanamke anayeoga na mtu asiyejua kupiga hodi. Hitchcock mwenyewe alitaka tukio lile liende bila muziki. Mtunzi Bernard Herrmann akaandika zile fidla zinazokwaruza kama kucha kwenye bati, Hitchcock akazisikia, akabadili mawazo.

Kwa mbwa wa wiki tisa jambo hilo ni zito zaidi. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kuhusu urithi na tabia za mbwa, walieleza kipindi cha kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ambapo mtoto wa mbwa hujifunza dunia ni kitu gani. Anachokutana nacho kwa upole hukizoea. Kinachomshtua anaweza kukiogopa hadi uzeeni. Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja Komando alilisisitiza hilo: aonyeshwe pikipiki, mwavuli, watoto, mtu mwenye kofia, mvua juu ya bati. Kaya ilitekeleza yote. Ilisahau tu kwamba na Ijumaa inahesabika.

Matokeo ni kwamba Komando amehitimisha kuwa hatari huja na fidla. Nyumba ya Oslo ingeweza kuishi na hitimisho kama hilo. Kwa pwani ya Afrika Mashariki ni msiba, kwa sababu taarabu bila fidla si taarabu (wapenzi wa kinanda cha umeme wataandika barua yao). Bibi wa nyumba hufungua redio kila Jumapili asubuhi, na fidla ya kwanza inapolia Komando huwa ameshafika chini ya kitanda cha chumba cha pili, amekumbatia ndala moja. Hatoki mpaka taarifa ya habari. Bibi, ambaye hajatazama filamu ya kutisha tangu azaliwe, ana tafsiri yake: mbwa huyu kuna mtu kamfanyia mabaya, ndiyo maana mipasho inamchoma.

Kuhusu damu, Bodi inaweza kupumzika. Mbwa huona vizuri bluu na njano. Nyekundu kwake ni kahawia ya giza au kijivu. Lita zote zinazomwagwa na watengenezaji wa filamu humfikia kama maji ya kuoshea sufuria. Isitoshe, jicho lake hunasa mimweko ya haraka kuliko la binadamu, kiasi kwamba televisheni za zamani za kichogo alikuwa akiziona zinapepesa. Damu pekee ya kumhangaisha mwenye mbwa ni ile ya Psycho, kwa kuwa filamu haikuwa ya rangi na kilichotumika bafuni ni shira ya chokoleti. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huchelewa kuivunja, na ikizidi humuua. Tahadhari ya namna hiyo haijaonekana kwenye jalada lolote, wakati tahadhari dhidi ya busu zimejaa.

Yapo pia maoni ya kaya juu ya filamu zenyewe. Filamu za kutisha za Marekani husimama juu ya chumba kilicho chini ya nyumba. Bila ngazi za kushuka gizani, nusu yake zisingekuwepo. Tabata hakuna chumba cha aina hiyo. Mwenye kuchimba atakutana na maji na mwenyekiti wa mtaa. Kilichopo ni dari, na darini kuna popo, ambao Komando huwabwekea akiwa salama mapajani mwa mtu. La pili ni subira ya wale watu. Sahani zinaruka, ukuta unavuja weusi, mtoto anazungumza kwa sauti ya mzee, na baba bado anasema pengine ni mabomba. Familia ya Dar es Salaam siku hiyohiyo ingekuwa imeshamwita shekhe, mchungaji na mjomba kutoka Handeni, na kabla ya wiki kwisha dalali angekuwa anamwonyesha nyumba mpangaji mwingine na kusifu upepo wake. Shetani Popobawa alipoitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, watu hawakungoja sehemu ya pili: walitoka wakalala nje, wengi pamoja. Waongozaji wa hapa nyumbani wanalijua hilo. Mussa Banzi alipotengeneza Nsyuka na kisha Shumileta mwanzoni mwa karne hii, hakuhitaji kumweleza mtazamaji jini ni nani. Alihitaji tu kumweleza amefuata nini.

Mbwa wa kwenye filamu ndio hasa waliodhulumiwa. Kanuni ni moja: mbwa huona kwanza, hubweka, huambiwa anyamaze, hufa kabla ya mtu yeyote. Cujo ya mwaka 1983, iliyotokana na riwaya ya Stephen King, iligeuza kibao ikamfanya mbwa mkubwa wa Saint Bernard kuwa mwuaji baada ya kung'atwa na popo mwenye kichaa cha mbwa. Husimuliwa kwamba mbwa waliocheza sehemu hiyo waliifurahia kazi mno, ikabidi mikia yao ifungwe isionekane ikitikisika. Kaya haikucheka sana. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Komando amepangiwa chanjo hiyo atakapotimiza miezi mitatu, na kadi yake inatunzwa juu ya kabati, mahali ambapo meno hayafiki. The Thing ya John Carpenter, ya mwaka 1982, mwanzoni inamwonyesha mbwa anayekimbia thelujini huku akifukuzwa kwa helikopta. Komando alimtikisia mkia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba huyo ndiye adui.

Tukio lililosababisha barua hii ni la Ijumaa iliyofuata. Ilikuwa Ringu, filamu ya Kijapani ya Hideo Nakata ya mwaka 1998, ile ambayo mzimu wa msichana hutambaa na kutoka ndani ya televisheni. Shemeji wa kaya, mgambo mstaafu, alikuwa ameshatangaza mara mbili kwamba Wajapani hawajui kutisha. Msichana akatambaa. Nywele zikaufikia ukingo wa kioo. Umeme ukakatika.

Aliyewasha tochi ya simu aliimulika sakafu mbele ya televisheni, na pale chini kulikuwa na macho mawili ya bluu yanayowaka. Nyuma ya mboni ya mbwa kuna tabaka linalorudisha mwanga, na kwa mbwa mchanga ambaye tabaka hilo halijakomaa, mng'ao hutoka bluu badala ya kijani. Maelezo haya yalipatikana kesho yake. Usiku ule shemeji alikuwa ameshapanda juu ya meza ya kahawa, akisoma kwa pamoja dua ya dini yake na nusu ya dua ya dini ya mke wake. Komando akajitokeza na kiatu cha shemeji mdomoni, akakiweka chini ya meza, akakojoa palepale kwa furaha ya kuona kila mtu yuko macho.

Ndipo kaya ilipobaini kwamba swali lilikuwa limeulizwa kinyume. Si filamu inayohitaji daraja mbele ya mbwa, ni mbwa. Kwa vigezo vya kawaida vya bodi za filamu, Komando anavitimiza karibu vyote. Sauti za usiku: hulia saa nane, kisha saa tisa, kwa mlio mwembamba unaotoka kila upande wa nyumba. Ukatili: ana meno 28 ya utotoni, makali kama sindano, na yatakapong'oka atapewa 42. Viungo vilivyotenganishwa: mwanasesere wa mtoto alipatikana bila mkono, mkono ukapatikana ndani ya sufuria. Utupu: ni wa kudumu. Lugha chafu hatumii yeye, ila huisababisha kwa watu wazima alfajiri, miguu mitupu inapokanyaga ubichi.

Bodi inaombwa, kwa hiyo, impangie Komando daraja na kuelekeza litangazwe wapi. Mahali papo. Getini tayari kuna kibao cha bati kilichoachwa na mpangaji aliyetangulia, MBWA KALI, ambacho kwanza hakina sarufi, kwa kuwa mbwa ni mkali na BAKITA haijasema vinginevyo, na pili hakina ukweli. Kaya imesita kukishusha kwa sababu wezi hawasahihishi sarufi. Ingependa kiongezwe maneno machache chini yake: kwamba onyesho ni la usiku kucha, kwamba watoto wanaruhusiwa na watu wazima waje na viatu vya akiba, na kwamba wapiga fidla wanaombwa wasimwogofye.

Bodi huenda ikauliza kwa nini ombi halina muhuri wa serikali ya mtaa. Mjumbe aliitwa, akaja Jumanne na muhuri wake mfukoni, akasoma kibao, akasimama nje. Aliambiwa aingie bila wasiwasi, mbwa mwenyewe ni huyu. Alitaka kwanza amwone. Komando alikuwa amefika nusu ya njia kuelekea getini, mkia juu, wakati simu ya mjumbe ilipoita, na mlio wake ni taarabu. Mjumbe aliona kitu cheusi kikigeuka na kupotea kwa kasi ambayo, kwa maneno yake, si ya mbwa wa kawaida, akaondoka na muhuri.