Kuisifu Leseni

Watu wa pwani hatukuwa wachoyo wa sifa. Nazi imesifiwa, tambuu imesifiwa, jahazi limesifiwa tangu tezi hata omo. Lakini sijapata kumsikia mtu aliyesimama mbele ya hadhara akaisifu leseni ya kuuza na kununua bidhaa nchi za nje, wala vyeti na vibali vinavyoandamana nayo kama wapambe na bibi harusi, ilhali hivyo ndivyo vilivyotuadilisha kuliko walimu wote wa skuli. Dhuluma hiyo nimekusudia kuiondoa kwa kadiri ya uwezo wangu. Na kwa kuwa sifa isiyo na mfano ni kelele tu, nitamchukua mfanyabiashara mdogo wa Tanga, mwenye mtaji wa kununua magunia machache ya iliki na pilipili manga kutoka milima ya Amani, na mwenye jamaa Maskati aliye tayari kuyapokea, nikamfuate huyo katika kupanda kwake daraja za utukufu.

Fadhila ya kwanza ya leseni ni kumjulisha mtu nafsi yake. Kabla ya kuitamani leseni, mja huyu alidhani kwamba yeye ni fulani bin fulani, na kwamba hilo lamtosha duniani. Sasa amefunuliwa kuwa yeye ni namba ya NIDA, na juu ya namba hiyo ni namba ya mlipakodi, na juu ya hizo mbili ni jina la biashara lililosajiliwa BRELA, ambalo aghalabu si lile alilolipenda tangu ujana wake, kwa sababu lile limekwisha kuchukuliwa na mwengine, au lafanana mno na la mwengine, naye hulazimika kukaa barazani na wanawe wakitafuta jina jipya hata usiku ukaingia. Ni mwanafalsafa gani aliyewahi kumpa mwuza viungo sababu ya kujiuliza yeye ni nani?

Baada ya kuijua nafsi, leseni humfundisha mtu kumpenda jirani. Ataulizwa mkataba wa pango la duka lake, na mkataba huo utataka ushuru wa stempu, na pamoja nao kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo kwa mujibu wa sheria ni kodi ya mwenye nyumba na hukatwa katika fungu lake. Ila mwenye nyumba, akiwa ni mtu mwenye adabu za kale, hupenda kupokea pango lake kamili bila ya kupunguziwa hata ndururu, na kwa hiyo mpangaji hulipa mara mbili, pango kwa mwenye nyumba na kodi kwa niaba yake. Sadaka ya namna hii, itolewayo kwa mtu aliyekuzidi mali, haimo katika vitabu vya wema nilivyovisoma mimi. Kisha huja makadirio ya mapato, ambapo mtu asiyepata kuuza hata punje moja ya iliki hutakiwa aseme mwaka huu atapata kiasi gani. Na hapo wenye akili kavu hugeuka watunzi, nao hutunga kwa uangalifu mkubwa, kwani aliyejikweza atalipia kujikweza kwake, na aliyejidhili hataaminiwa.

Lakini fadhila iliyo kubwa, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu, ni insafu ya leseni. Mwuza duka wa mtaani hutosheka na leseni ya kundi B kutoka halmashauri yake. Huyu wetu, kwa kuwa macho yake yamevuka bahari, hupandishwa kundi A, ambako hukaa safu moja na makampuni yenye maghala, malori na wanasheria. Magunia yake sita hutakiwa cheti cha afya ya mimea kama makontena sitini ya mkubwa. Hutakiwa cheti cha uasili wa bidhaa kutoka Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, ili watu wa Maskati, ambao wamekuwa wakila viungo vyetu tangu enzi za mababu zao, wasije wakadhani iliki ya Amani yatoka kwengineko. Hutakiwa ankara, orodha ya vifurushi na wakala wa forodha, na wakala huyo hula ujira usiopungua sana kwa udogo wa mzigo. Mkubwa humtuma karani, naye akaendelea kunywa kahawa. Mdogo hufunga duka, akaenda mwenyewe, na kila siku aliyofunga ni siku asiyouza. Nani atakayesema kuwa maskini hapewi heshima sawa na tajiri? Amepewa heshima ile ile kwa uzito ule ule, wakabebeshwa sawasawa tembo na sungura. Simlaumu mkaguzi wa mimea, maana mdudu akivuka ndani ya gunia hasara yake ni ya nchi nzima. Ninalosifu mimi ni ule ukarimu wa kuligawa jambo moja la haki katika milango mingi, ili kila mlango nao upate kubishwa hodi.

Na milango hiyo haikai mahali pamoja, mtu asije akaizoea akapata kiburi. Aliyekuwa akiingiza vyakula kutoka nje alikwisha kuzijua ngazi za Mamlaka ya Chakula na Dawa, akawajua na walinzi kwa majina ya watoto wao. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamishiwa Shirika la Viwango, mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba, na mfanyabiashara akajaliwa ngazi mpya na walinzi wapya.

Wako wasemao kuwa siku hizi yote hufanyika katika mtandao, kwa hiyo leseni imekwisha kupoteza ladha yake. Hao hawajafika steshenari. Hapo ndipo pana diwani ya kweli ya biashara yetu: kijana mmoja, kompyuta moja, feni iliyopinda, na daftari la shule lililojaa nywila za nusu ya wafanyabiashara wa mji, kila moja imeandikwa mbele ya jina la mwenyewe kwa kalamu ya buluu, na zilizosahauliwa zimefutwa kwa nyekundu. Mfumo ukiwa chini, na huwa chini, watu huketi kwenye benchi, wakajuana, wakaulizana hali za wagonjwa, wakapeana habari za bei ya mdalasini na karafuu. Nami nimesikia posa moja ikianza hapo. Kadhalika vishoka, wale madalali wasio na ofisi wala kibali, ambao kama si ugumu wa vibali wangekuwa hawana kazi, nao wana watoto wanaokwenda skuli.

Maskini watu wa zama za Sayyid Said! Mkataba wake na Wamarekani wa mwaka 1833 uliridhika na ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa ziingiazo, na forodha ya Unguja akaikodisha kwa Jairam Shivji, tajiri mmoja wa Kihindi, aliyeikusanyia mapato. Hawakujua ladha ya kuambiwa njoo kesho.

Sifichi kwamba leseni ina mahasidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, ambayo ningeitarajia iwe rafiki, imeweka utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani: bidhaa zilizomo katika orodha, zilizozalishwa katika nchi wanachama na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa pale pale mpakani. Kwa bahati njema ya leseni, wako akina mama wa Namanga na Mutukula ambao hawajapata kuelezwa habari hiyo, nao wakaendelea kupita njia za panya na mafurushi yao kichwani, wakiogopa sheria ambayo imekwisha kuwaruhusu. Na huyu wetu wa Tanga utaratibu huo haumfai kitu, kwani Maskati haimo katika Jumuiya.

Leseni nayo, kwa unyenyekevu wake, haidai kudumu: umri wake ni miezi 12 tangu siku ya kutolewa, kisha huhuishwa. Basi wewe msomaji mwenye nia ya kuuza ng'ambo, usingoje iliki ivunwe ndipo uanze. Anza sasa na namba ya NIDA, toa nakala mbili za kila karatasi, nywila yako iandike katika daftari lako mwenyewe, na kabla hujatia saini mkataba wa pango, mwulize mwenye nyumba kodi ya zuio italipwa na nani.