Ushauri wa Bure kwa Anayetaka Kusomea Siasa za Lebanon

Ikiwa profesa wako amekwambia uanze utafiti wa Mashariki ya Kati na Lebanon kwa kuwa "ni nchi ndogo", umeshaingizwa mjini. Ni ndogo kweli, kilomita za mraba 10,452, na hiyo ndiyo takwimu ya mwisho utakayoipata bila ugomvi.

Utaelezwa mapema kwamba rais huwa Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni, spika Mshia. Utaelewa, utafurahi, utakimbilia katiba kutafuta kifungu. Hakipo. Ni makubaliano ya mdomo ya mwaka 1943. Usiulize pia kila dhehebu lina watu wangapi: sensa ya mwisho ilifanywa 1932, chini ya Wafaransa, na hakuna mwenye haraka ya kuhesabu upya, maana atakayeonekana amepungua ataambiwa aachie viti. Makubaliano ya Taif ya 1989 yaliimaliza hesabu kwa kuikwepa: Wakristo nusu, Waislamu nusu. Leo ni wabunge 64 kwa 64.

Majina ya vyama yasikupotezee muda. Chama cha Kisoshalisti cha Maendeleo kilianzishwa na Kamal Jumblatt mwaka 1949. Alipouawa 1977 akakishika mwanawe Walid. Mwaka 2023 kikaenda kwa mjukuu, Taymour. Badala ya ilani, omba shajara ya ukoo.

Orodha ya marafiki na maadui iandike kwa penseli. Mchukue Jenerali Michel Aoun. Mwaka 1989 alitangaza vita vya kuifukuza Syria. Mwaka uliofuata akafukuzwa yeye, akaishia uhamishoni Ufaransa. Alirudi 2005, na Februari 2006 akatia saini maelewano na Hizbullah, mshirika wa Syria wakati huo. Mwaka 2016 akapata urais, akiungwa mkono na hasimu wake wa zamani Samir Geagea, yule yule ambaye majeshi yake na ya Aoun yalitwangana 1990 na kuwabomolea Wakristo mitaa yao wenyewe. Wenyeji walikunywa kahawa wakaendelea na shughuli. Wewe itakubidi uandike upya sura ya tatu.

Kiti chenyewe cha urais kilikuwa kitupu tangu Mei 2014 hadi Oktoba 2016. Aoun alipomaliza muda wake kikabaki kitupu tena, hadi Januari 2025 alipochaguliwa Joseph Aoun, mkuu wa majeshi. Si mwanawe wala si mpwawe; usije ukaumbuka mbele ya watahini. Waziri mkuu naye anaweza kujiuzulu akiwa nchi nyingine, kama Saad Hariri alivyofanya kwenye televisheni akiwa Riyadh, Novemba 2017, kisha akarudi Beirut akaufuta uamuzi huo.

Ukichanganyikiwa kabisa, anza na sura ya spika. Nabih Berri amekalia kiti hicho tangu 1992, kwa hiyo unaweza kunakili mpangilio wa tasnifu yoyote ya miaka ishirini iliyopita na asitokee mtu wa kukuuliza.