Bock Nyeusi Yafika Nyamongo

Waamuzi wa bia za kutengenezwa nyumbani huko Marekani wana fomu ya alama 50. Harufu hupewa 12, mwonekano 3, ladha 20, namna bia inavyokaa kinywani 5, na 10 za mwisho ni za bia nzima kwa jumla. Binamu yangu alirudi kutoka Ujerumani na chupa za bock nyeusi, lebo zina picha ya mbuzi dume, pamoja na nakala za fomu hiyo. Alidhani kazi ngumu imekwisha. Barabara ya Tarime kwenda Nyamongo alikuwa ameisahau.

Bock ni bia ya utulivu. Asili yake ni mji wa Einbeck, watu wa Munich wakaidaka, na hulazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa ikomae. Hizi zetu zilimalizia kukomaa ndani ya kiroba juu ya bodaboda, jua la saa nane likizichemsha na mashimo yakizirusha. Binamu alipogusa kizibo tu, povu likaruka moja kwa moja kwenye koti la baba mkubwa, lile la vikao vya ukoo. Uwanja mzima kimya. Mimi ndiye niliyekuwa karani, nikaandika: mwonekano, 1.

Baba mkubwa alijifuta kidevu, akalamba kidole, akafikiri.

"Mura, hii imeungua."

Binamu akaanza kumweleza habari za kimea cha Munich. Hakukuwa na haja, mzee alikuwa ameshapatia. Weusi wa bock hutokana na kimea kilichokaushwa kwa moto mkali, na kwetu unga uliochachuka hukaangwa hadi uwe kahawia kabla ya kukutana na kimea cha ulezi. Aliyekulia karibu na kikaango hicho hahitaji fomu kuitambua harufu ile.

Kisha zikagawiwa glasi za waamuzi, vidole viwili vya bia kila moja. Mzee aliinua yake juu, akaitazama.

"Hii ni ya kunywa au ya kutambikia?"

Binamu akajitetea kwamba waamuzi huonja tu, ila mwamuzi wa bia hatemi kama wale wa mvinyo, humeza. Hapo walau wazee walitikisa vichwa kukubali. Mmoja akaomba maji ya moto aongezee na mrija anywe kistaarabu. Binamu nusura alie.

Hukumu yenyewe ilitoka kwa shangazi, aliyesomesha watoto kwa kupika pombe. Alinusa, akaonja, akaiviringisha mdomoni kuwashinda waamuzi wa Marekani.

"Kimea kizuri, kimekaushwa na mtu mwenye subira. Lakini utamu wote huu? Haijaiva. Mngeiachia siku mbili zaidi."

Akaambiwa kwamba bock ndivyo inavyotakiwa: utamu wa kimea uonekane, uchungu ujifiche, na kileo kifike asilimia 6.3 hadi 7.2. Akajibu kuwa basi Wajerumani nao wanaharakisha. Ladha nikaandika 14, kwa amri yake.

Ukileta bock Nyamongo, zisimamishe chupa usiku kucha mahali penye ubaridi kabla ya kuzifungua, na wazee wavue makoti kwanza.