Mbinu za Uhakika za Kunyimwa Viza ya Marekani

Kupewa viza ya matembezi kunahitaji subira na bahati kidogo. Kunyimwa ni fani, na fani husomewa. Mwongozo huu ni wa Mkenya mwenye sababu njema kabisa ya kusafiri ambaye angependa kuhakikisha kwamba safari yake inaishia Gigiri, mlangoni pa ubalozi.

Mfano wetu ni mama mmoja wa Nyeri, mwalimu mstaafu, anayetaka kwenda Minnesota kwa wiki sita kumwona mjukuu wake wa kwanza. Ana pensheni, ana mume, ana shamba la chai, na ndiye mweka hazina wa kanisa. Yaani yumo katika hatari kubwa ya kukubaliwa. Tumwokoe.

Hatua ya 1: Usiisome sheria

Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952 ina kifungu cha 214(b), ambacho hadi leo ndicho mlinzi wa lango. Kinasema kwamba mwombaji wa viza ya muda huhesabiwa kuwa mtu anayetaka kuhamia kabisa, mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Wenye kusamehewa dhana hiyo ni wachache, wakiwemo wanaoomba viza za kazi za H-1B na L.

Mama akikijua kifungu hiki, ataanza kujiuliza ni nini kitakachomrudisha Nyeri, na majibu anayo tele. Kwa hiyo asikijue. Mwambie kwamba viza hupewa wenye mamilioni benki, au waliofunga na kuomba siku tatu, au waliovaa suti ya buluu.

Hatua ya 2: Tafuta wakala mwenye mtu ndani

Wakala bora utamkuta ghorofa ya tatu katikati ya jiji, kati ya kinyozi na fundi wa simu. Hana risiti, lakini mihuri anayo ya kila wizara. Maneno yake ni yaleyale: "Tulia, mama. Pale ndani nina mtu wangu." Ukimuuliza ni nani, atautazama mlango kwanza, kisha atakunyamazisha kwa kidole. Usiulize tena.

Ada ya ubalozi kwa viza ya matembezi ilipandishwa hadi dola 185 mwezi Juni 2023, na hairudishwi hata ukinyimwa. Ada ya wakala haina kiwango. Hutumwa kwa M-Pesa, na jina linalojitokeza kwenye simu huwa la shemeji yake.

Jihadhari na wakili halisi wa uhamiaji wa Marekani. Huyu ana leseni ya jimbo fulani ambayo yeyote anaweza kuihakiki, hutoa mkataba wa maandishi, na haahidi viza. Kibaya zaidi, anaweza kukwambia kwamba kwa matembezi ya kawaida humhitaji. Mtu wa kuvunja moyo namna hiyo ni wa kuepukwa.

Hatua ya 3: Mwachie wakala fomu

Fomu ya DS-160 hujazwa kwenye intaneti. Huuliza kazi yako, safari zako, jamaa zako walioko Marekani, akaunti za mitandao ya kijamii ulizotumia miaka mitano iliyopita, na pia kama unakwenda kufanya ujasusi au ugaidi. Huuliza vilevile kama kuna mtu aliyekusaidia kuijaza. Hapo wakala, kwa unyenyekevu wake, atajibu hapana.

Kisha ataanza kumtengeneza mama upya. Binti aliyeko Minnesota, mzazi wa mjukuu, anafutwa: "Ukisema una mtoto kule, watajua hurudi." Mwalimu mstaafu anageuka mkurugenzi wa kampuni ya uagizaji. Mjukuu anageuka kongamano la teknolojia mjini Las Vegas. Fomu inataka mwombaji abonyeze mwenyewe kitufe cha kutia sahihi, lakini wakala atambonyezea ili asichoke. Mbele ya afisa, kila neno lililomo litahesabiwa kuwa la mama.

Hatua ya 4: Tunisha bahasha

Akaunti ambayo kwa miaka imepokea pensheni tu sasa ipokee milioni mbili siku ya Ijumaa, za kuazimwa, zirudi kwa mwenyewe Jumatatu. Ongeza barua ya mwaliko wa kongamano na cheti cha kampuni kutoka kwa wachapaji wa vichochoroni River Road, Nairobi, wino ukiwa haujakauka sawasawa. Afisa huenda asiombe hata karatasi moja, maana mahojiano ni ya dakika chache na anachosikiliza hasa ni majibu. Hilo lisikuzuie. Bahasha nene humpa mwombaji jasho la mikono, na jasho husaidia sana dirishani.

Hatua ya 5: Kariri

"Unakwenda Las Vegas kufanya nini?"

"Kongamano."

"La nini?"

"La teknolojia."

"Kampuni yako inauza nini?"

"Teknolojia."

"Una jamaa yeyote Marekani?"

"Sina."

Hapa kazi imekamilika. Binti alipoomba viza ya masomo miaka ile, fomu yake iliuliza majina ya wazazi, naye aliyaandika. Kumbukumbu zile hazikutupwa.

Mama akiwa na bahati, atapewa karatasi ya 214(b), ambayo humruhusu kuomba tena wakati wowote kwa fomu mpya na ada mpya. Lakini afisa akiona kwamba amedanganya kwa makusudi katika jambo la msingi, kuna kifungu cha 212(a)(6)(C)(i), na marufuku yake ni ya maisha. Msamaha unaweza kuombwa, ila njia yake ni ndefu. Mtazame sasa mama yetu: aliingia akiwa bibi anayekwenda kumbeba mjukuu, ametoka akiwa na kesi. Leo ndipo anapomhitaji wakili kwelikweli, na pesa za wakili ameshazituma kwa shemeji ya wakala.

Hatua ya 6: Kata rufaa isiyokuwepo

Wakala atajitolea kukata rufaa, kwa ada nyingine. Mkubalie. Uamuzi wa 214(b) hauna rufaa, na mahakama za Marekani kwa kawaida haziingilii uamuzi wa maafisa wa viza. Mwaka 2024, katika kesi ya Department of State dhidi ya Muñoz, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hata raia wa Marekani hana haki ya kikatiba ya kudai mumewe mgeni aruhusiwe kuingia. Lakini hao hawakuwa na mtu ndani.

Nyongeza kwa waliopewa kwa bahati mbaya

Hata wewe bado unaweza kuharibu. Amini kwamba tarehe iliyoandikwa kwenye viza ndiyo ya mwisho wa kukaa. Kwa kweli viza hukufikisha mlangoni tu. Afisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua uingie na ukae hadi lini, mara nyingi miezi sita, na tarehe yake huwa kwenye rekodi ya I-94. Ukiipita kwa zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa miaka 3. Ukiipita kwa mwaka mzima, ni miaka 10.

Onyo

Yafuatayo yanaweza kusababisha viza, na mwandishi hatawajibika. Mama akae na fomu mwenyewe, au na mtu anayemwamini, amtaje binti yake, aandike mwalimu mstaafu. Afike dirishani aseme: "Nakwenda kumwona mjukuu wangu wiki sita, halafu narudi, mume wangu hawezi kulisimamia shamba peke yake." Kama aliwahi kukataliwa, kupitisha muda au kushtakiwa, amwone wakili mwenye leseni kabla ya kujaza chochote.

Bado anaweza kunyimwa. Afisa ni binadamu na dakika ni chache. Lakini hapo atakuwa amepoteza dola 185, na siku akirudi atasema yaleyale bila kukumbushwa na mtu.