Begi la Shangazi Lilitangulia

Wajenzi wa vituo vya treni hawajawahi kusafiri na Shangazi. Ramani zao huchorwa kwa ajili ya mtu mwenye raba miguuni na pochi mkononi, anayekwenda dukani kutazama. Shangazi anauza mabaibui Kariakoo. Haendi dukani kutazama.

Dubai wamejitahidi, tuwape haki yao. Metro ilipoanza mwaka 2009 ilifuata barabara kuu ya Sheikh Zayed, wakati Dubai Mall, iliyofunguliwa mwaka mmoja kabla, iko ndani zaidi. Awali abiria alimaliziwa safari kwa basi, kisha likajengwa daraja la kupita juu kwa juu, limefunikwa, lina kiyoyozi na mikanda ya umeme inayokusogeza umesimama. Urefu wake mita 820. Yaani kituo kina jina la duka, na duka liko karibu kilomita nzima mbele.

Sisi wa Dar tucheke taratibu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 yalishika Barabara ya Morogoro, na Mlimani City, iliyokuwepo tangu 2006, ikabaki kule Sam Nujoma. Unashuka Ubungo, unamalizia kwa daladala au bodaboda. Kariakoo ndiyo iliyopata bahati: unashuka Msimbazi, na kabla hujakaa sawa umeshauziwa soksi.

Tulipokwenda Dubai, ndani ya metro Shangazi alichungulia mbele, akarudi ameshika mdomo.

“Halina dereva hili.”

“Halina, Shangazi.”

“Na konda?”

“Hakuna.”

“Sasa tukipitilizwa tutagombana na nani?”

Hatukupitilizwa. Balaa lilikuwa kwenye mkanda wa lile daraja. Shangazi alitanguliza begi lake, kama anavyofanya kwenye daladala ili kuwahi siti, kisha akasita kuweka mguu. Begi likaondoka. Lilikwenda peke yake, limesimama wima, likiwapita watalii kwa heshima zote, na Shangazi akilifuata pembeni mwa mkanda kwa miguu huku akiliita. Sijui alitarajia liitike. Mimi nilikuwa nyuma na kandambili yake moja iliyomvuka. Mwisho wa mkanda mlinzi alikuwa ameshalisimamia, akitutazama kama tumemtelekeza mtoto.

Tulipoingia dukani Shangazi aliuliza bei ya baibui moja. Akauliza tena, akidhani ametajiwa ya dazeni.

“Nipeleke Deira,” akasema.

Huko ndiko kulikojengwa kwa ajili yake, nadhani bila kukusudia. Unapanda ngazi za kituo cha Baniyas Square, unatokea katikati ya maduka ya jumla. Hakuna daraja, hakuna mkanda, na hata Kiswahili ukitega sikio utakisikia. Hadi magharibi Shangazi alikuwa na masanduku mawili makubwa na mifuko ya kujazia.

Hapo kituo kikatukumbusha kwamba kinapenda wateja wa kwenda kuliko wa kurudi: abiria mmoja wa metro anaruhusiwa sanduku moja kubwa na moja dogo.

“Basi la pili ni lako,” Shangazi alinigawia.

“Na mifuko?”

Aliitazama mifuko, akanitazama mimi, akanyoosha mkono kusimamisha teksi. Njia nzima alisifu jinsi teksi za Dubai zilivyo rahisi. Nauli nililipa mimi.